Yai ya Mwenye Kuleta Barua

Juma iliyopita motard mumoja, mubaba wa ndevu, alisimamisha pikipiki mbele ya mulango yangu na kupiga kelele, vile vijana wanaita bibi muzee: "Koko! Kuko colis yako hapa, kifurushi kimetoka Minova na boti!" Nikamwambia aingie, akae. Akasema hapana, ana haraka, kuko mama anamungojea Kadutu na mifuko mbili ya mihogo. Nikamwambia mu nyumba yangu mwenye kuleta barua haondoki tumbo wazi.

"Koko, miye sikuleta barua. Nimeleta sambaza, arufu yake unaisikia."

"Kaa."

Nikachemusha yai. Alikula amesimama, casque ya pikipiki kichwani, akiniangalia vile mutu anaangalia muzee aliyeanza kupoteza akili. Alipomeza kipande cha mwisho njo nikakata kamba ya ile colis.

Juu kulikuwa sambaza ya kukauka, samaki wadogo wa ziwa letu, imefungwa mu gazeti. Chini yake, mu sashe ya plastiki, kulikuwa karatasi imekunjwa mara ine. Sikuvaa hata miwani. Arufu ya samaki na moshi ilinipanda mu pua, na magoti yangu, yale hayapandi tena mulima wa Cimpunda, yakawa magoti ya mutoto wa miaka kenda, na kichwani yangu nikasikia uzito wa kitabu.

Lazima niseme kwanza nani alikufa, sababu colis ilitoka nyumbani kwake. Ni Furaha. Alikuwa mutoto wa dada mukubwa wa mama yangu, na kwetu mutu wa namna ile ni dada yako, basi, hakuna jina ingine. Walimuzika Minova mwezi uliopita. Mimi sikufika sababu ya magoti. Walinitumia video ku telefone ya mujukuu wangu: watu walijaa njia mpaka ku maji, wanafunzi wake wa zamani, mapadri, wauza samaki, hata askari alivua kofia. Nitawaambia ukweli, ninyi wa umri wangu, sababu hatuna tena wakati wa kudanganyana. Niliona ule umati na kitu ya kwanza iliyonishika haikuwa huzuni. Ilikuwa wivu. Nilimwambia mujukuu: "Rudisha nyuma, nione vizuri." Nilikuwa natafuta mwisho wa mustari, nione unaishia wapi.

Ule wivu una umri wa meno yangu. Nitaeleza ulitoka wapi.

Tulikuwa tunakaa Cimpunda, hapa Bukavu, nyumba ya mbao na bati, mahali pa muteremuko, fasi mutu akimwaga maji ya kuoga yanaingia mu jiko ya jirani wa chini. Baba alikuwa dreva wa camion ya majani ya chai, tulimuona mara moja kwa mwezi kama mwezi ulikuwa muzuri. Mama aliuza makala, makaa ya kupikia. Na kila siku ya ine ya juma, soko likiisha, mama alinawa mikono mpaka weusi unatoka, akavaa kikwembe cha pili, akaenda mu shirika. Ninyi munajua shirika: nyumba kumi, kumi na mbili za majirani, wanakutana leo kwa huyu, kesho kwa ule, wanasali, wanasikia Neno, wanaulizana nani anagonjwa.

Kitabu kilikuwa kimoja kwa mulima muzima. Mashirika yalikuwa ine, na kila shirika ilitaka kukishika. Waligombana mpaka Papa Katekista, mubaba murefu wa koti moja, akachoka. Siku moja akachukua kile kitabu, Agano Jipya, akakiweka juu ya kibao ya kukatia nyama, akafanya alama ya musalaba, akakikata kwa kisu vipande vine. Shirika ya juu, karibu na barabara, ikapata Yesu: kuzaliwa, mikate, samaki, kutembea juu ya maji. Wengine wakapata Matendo, wengine ule mwisho wa wanyama na baragumu. Sisi tukapata barua. Barua tu! Kutoka Waroma mpaka Yuda, bila ganda, mama mumoja akazishona na uzi wa gunia.

Mimi nilisikia vibaya sana. Nilizani Yesu sasa ni wa watu wa juu. Watoto wao walikuwa wanatuchokoza ku robinet ya maji: "Sisi tuko na vipofu wanaona! Ninyi muko na nini? Salamu!" Na ilikuwa kweli.

Lakini wamama wa shirika yetu walipokea zile barua vile barua inapokelewa. Hapa ninyi vijana hamutaelewa, ninyi wa umri wangu mutaelewa. Wakati ule barua haikupita posta. Ilipita mu mikono ya mutu: mwenye boti, mwenye camion, sista anayerudi. Na mwenye kuleta barua, mbele ya kuifungua, munamupatia chakula. Mbele, hapana nyuma. Sababu kama ndani muko habari ya kifo, kilio kikianza, nani atakumbuka kumupikia? Atalala njaa mu nyumba ya watu, na amefanya kosa gani? Basi wamama wakasema: kitabu hiki ni barua, kinatoka kwa mbali, mwenye kukileta atakula kwanza.

Na mwenye kukileta alikuwa mimi.

Kitabu kililala juma nzima mu nyumba iliyopokea shirika, ndani ya kitunga cha sambaza, juu ya jiko, fasi panya hawafiki. Siku ya ine nilienda kukichukua. Nilikifunga mu kipande cha kikwembe, nikakiweka kichwani, nikashuka njia ya mawe polepole, hata wakati wa mvua ile njia inapokuwa sabuni, na sikukiangusha hata siku moja. Nilipofika, mwenye nyumba alinipatia yai ya kuchemusha. Yai nzima! Kwetu tulikuwa watoto watano, na yai ilikatwa na uzi. Nilikula mbele ya wote, na mama yangu alikuwa ananiita "kichwa yangu". "Kichwa yangu imefika," alisema, na watu walicheka, na mimi niliketi ku mukeka, bega langu ku goti yake.

Kusoma, ilikuwa Papa Katekista, mara moja kwa mwezi. Siku zingine walikumbuka tu maneno ya mara iliyopita na kuyabishania.

Halafu Furaha akakuja. Mama yake alikuwa amekufa, baba yake akaoa, na tonton yake mumoja, mubaba wa jamaa mwenye kuleta maharagi kutoka Minova, akamushusha kwetu na kifuko. Alikuwa na miaka kumi na mbili, shingo ndefu, na alikuwa amefika darasa ya tano primaire. Siku ya ine ya kwanza aliketi nyuma, ku mulango. Mama Nabintu, muuza ndizi, mama wa sauti kubwa kupita wote, akamuuliza kwa kuchokoza: "Na weye, wa Minova, masomo ya kule inafundisha kusoma ao inafundisha kuvua tu?"

"Kusoma, Maman."

"Basi soma, tuone."

Akasoma. Hakutumia kidole. Papa Katekista alikuwa anasoma sawa mutu anayepasua kuni. Huyu alisoma sawa mutu anayekuambia kitu ku mulango, amesimama, ametoka tu kule. Na mama yangu akalia, akasema: "Mungu ameniletea macho."

Toka siku ile Furaha akawa "macho yangu". Na kwa sababu musomaji alitaka kuangalia kurasa mbele, wakasema heri yeye abebe kitabu. Yai ikaenda kwake. Fasi ku goti ya mama ikaenda kwake pia, sababu ya mwangaza wa dirisha. Nyumba zote za shirika zikaanza kutoa kitu kwa ajili ya musomaji, kikombe cha unga, makala, majani ya sombe, na kwa ile vitu njo mama aliweza kumulisha pamoja na sisi watano. Mimi nilikula ule unga.

Mara ya kwanza alinivunjia yai yake nusu. Nilisema sina njaa. Alikula zote mbili, bila shida yoyote, na nikamuchukia zaidi.

Wamama walikuwa na desturi moja: "Salamu kwanza!" Vile mutu anafanya na barua ya kweli, unataka kujua nani amekukumbuka mbele ya kusikia mambo mengine. Furaha alikuwa anafungua mwisho wa barua, anasoma majina. Ile ya Waroma iko na ukurasa muzima wa majina, waliikula sawa chakula cha arusi. Kule kuko mama mumoja, Fibi, Papa Katekista alisema njo yeye aliyebeba ile barua mpaka Roma. Mama Nabintu akamuuliza: "Na balimupikia nini?" Papa Katekista akasema haikuandikwa. "Haikuandikwa!" Waliumia juma nzima kwa ajili ya Fibi.

Na Paulo mwenyewe, waliumia kwa ajili yake, sababu alikuwa mu gereza. Hapa Bukavu mufungwa anakula kama jamaa yake inamuletea. Mama alikuwa anauliza: "Nani anamupelekea chakula?" Papa Katekista alisema siku zote "Paulo anatuandikia, Paulo anatuomba", sawa mutu waliyeachana jana ku soko. Mimi nilizani iko hai. Nilizani ni muzee mufungwa fasi fulani nyuma ya Uvira, na Papa Katekista njo anapeleka majibu, mara moja kwa mwezi, na lile koti. Na nilimukasirikia pia Paulo. Wakorinto amewaandikia mara mbili, na bado walikuwa wabaya. Cimpunda, hata mustari moja.

Sasa tulifika ku barua ya Wagalatia. Hakuna salamu. Muzee amekasirika, anawaita wajinga, anaandika na herufi kubwa, anafunga. Siku ile Mama Nabintu alikuwa amezika mutoto wake wa mwisho, siku kumi tu zimepita. Alikuwa ameketi na kikwembe ku mudomo. Akasema polepole, ile sauti yake kubwa imekwisha: "Leo hakuna mutu anatusalimia."

Furaha akamwangalia. Akaangalia kitabu. Akasema: "Kuko ingine hapa chini." Na akasoma: "Munisalimie Mama Nabintu, mwenye kuuza ndizi, mutoto wake alilala. Mumwambie sikumusahau."

Mama Nabintu akafunika uso. Wengine wakasema "Amina" kwa nguvu. Na mimi nilikauka. Paulo anajua Mama Nabintu!

Toka pale, kila barua ikawa na salamu zingine chini. Leo mama huyu na mugongo yake, juma lijalo mama yangu: "Na ule mwenye makala, mikono yake ni nyeusi, roho yake ni nyeupe." Mama alijishika mikono akacheka sawa bibi arusi. Mimi nilingojea jina langu. Nilingojea majuma matano. Mwisho likakuja: "Na ule mudogo, zamani alikuwa anabeba kitabu."

Zamani! Nilitoka inje, nikapiga jiwe teke, nikavunja ukucha.

Juma iliyofuata niliketi nyuma ya bega la Furaha. Nilikuwa ya pili primaire, nilijua herufi, sikujua kuzifuata mbio. Lakini nyeusi na nyeupe nilijua kutofautisha. Alipofika ku salamu za chini, nikaona mara hii ameweka kidole, kimelala juu ya karatasi nyeupe. Mustari ilikuwa imekwisha. Hakukuwa kitu! Alikuwa anasoma fasi haina maandiko, na mama yangu anasema amina.

Ninyi hamujui furaha ya mutu mwenye wivu anapokuta kosa la kweli. Ni kubwa kupita yai. Nilikimbia kwetu, nikapasua karatasi mu kaye yangu ya masomo, nikachukua kreyo ya baba, ile ya zambarau inaandika kama umeilamba, na nikalamba na kuandika, nikalamba na kuandika, jioni nzima.

PAULO
FURAHA IKO NASEMA BONGO
IKO NASOMA FASI HAIKO MAANDIKO
MUMURUDISHE MINOVA
KITABU NI MIYE NABEBA

Bongo, kwetu, ni uongo. Jina sikuweka. Siku ya ine ile Papa Katekista alipaswa kukuja. Nilihesabu kwamba yeye atashika kitabu, ataona barua, ataipeleka ku gereza. Asubui nikaingia mu nyumba ya jirani fasi kitabu kililala, nikasema natafuta kuku, nikasukuma barua mu kitunga, katikati ya kurasa, sambaza zikinitazama.

Lakini Papa Katekista alipoketi hakunyoosha mukono. Alisema: "Endelea, binti yangu, nisikie. Wanakusifu mulima muzima." Ilikuwa barua ya Yakobo, pale anapoongea juu ya ulimi, moto mudogo wenye kuchoma pori. Furaha akakula yai, akapangusa vidole, akafungua. Karatasi ikaanguka ku goti yake.

Akaisoma kwa macho.

"Ni nini iyo?" Mama Nabintu akauliza.

"Ni barua, Maman."

"Ya nani?"

"Ya Paulo."

"Imetoka kwake?"

"Hapana. Inaenda kwake."

Wamama wakacheka. "Soma basi! Barua haifichwi!"

Hapa nimefikiri miaka yangu yote. Angeweza kusoma salamu. Alikuwa fundi wa salamu, angefungua kinywa tu, na mimi ningekuwa wa kwanza kusema amina. Lakini alisimama, na alisoma ile karatasi vile ilivyo, neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza, sauti ile ile ya mutu wa ku mulango. Mpaka "Mumurudishe Minova". Mpaka "Kitabu ni miye nabeba".

Nilisikia kuku inakwaruza inje.

Papa Katekista akasema: "Nani aliandika?"

"Jina haikuwekwa, Papa."

"Na ni kweli? Unasoma fasi haina maandiko?"

"Ndiyo, Papa."

Mama Nabintu akasimama, mikono ku kiuno. "Papa Katekista, weye unazani sisi ni batoto? Paulo atanijulia wapi, miye muuza ndizi wa Cimpunda? Tulijua! Wote tulijua. Ulizeni huyu, ulizeni ule!"

Na wamama wote wakaitikia: walijua. Mama yangu alikuwa anaangalia chini. Mimi peke yangu, mu nyumba muzima, njo nilikuwa nimeamini.

"Mulijua?" Papa Katekista akauliza. Hakuwa mutu mubaya, musimuchukie. Njo yeye aliyekata kitabu na kisu, na ninazani hakulala vizuri toka siku ile. "Mulijua na mukanyamaza? Njo mubaya zaidi. Nilikata Neno ili kila mutu apate. Sikukata ili watu waongeze. Huyu mutoto asishike kitabu tena."

"Papa, alitusalimia tu," Mama Nabintu akasema.

"Asishike kitabu tena." Akamupatia Furaha ile karatasi. "Na hii, choma."

"Ndiyo, Papa."

Akaikunja mara ine, akaiweka mu mufuko wa robe yake.

Tulipofika nyumbani mama alinivuta mu jiko. "Fungula kinywa." Nikafungula. Ulimi ulikuwa bado zambarau. Mama yangu hakujua kusoma hata jina lake, lakini ile barua aliisoma pale, yote. Nilijikaza, nikangojea mwiko. Hakunipiga. Alichukua yai, moja tu iliyobaki, akaichemusha, akaimenya yeye mwenyewe na vile vidole vya makala, akainipatia mu mukono, yai nyeupe na alama nyeusi za vidole.

"Kula," akasema. "Umeleta barua."

"Maman..."

"Mwenye kuleta barua anakula. Kula, niko nakuangalia."

Nilikula. Hakunipa chumvi wala maji. Nilikula ile yai muda murefu, na mpaka leo nikiona yai ninajua kwanza uzito wake mu koo.

Mambo mengine yakaenda haraka. Musomaji hakuwa tena musomaji, kikombe cha unga hakikukuja. Si kwa ubaya. Kila nyumba ilikuwa na midomo yake. Mama alijaribu majuma matatu, akagawa chakula cha watano kwa sita, na sahani yake mwenyewe ikabaki kavu. Halafu ile tonton ya maharagi ikapita, na Furaha akapanda camion na kifuko kile kile. Nilitaka arudi Minova, amerudi Minova. Aliniambia: "Ubebe muzuri, njia iko na utelezi." Nilitafuta ndani ya ile maneno kama kuko kisu. Ninatafuta bado.

Na mama akaniambia: "Sasa utasoma weye." Jioni kwa jioni, pembeni ya jiko, aliniketisha na zile barua, yeye ambaye hakuona tofauti ya A na ngazi. Nikikwama alisema: "Rudia." Baba akafa mwaka ule ule, masomo ikakwisha, na zile barua zikabaki njo masomo yangu yote, musomo wa imani na musomo wa kusoma pamoja. Ndiyo maana nikiandika mutu anazani ninamukaripia.

Nikawa musomaji. Kitabu kikarudi kichwani yangu, yai ikarudi mu mukono. Siku ya kwanza ilikuwa tena ile ya Yakobo, hatukuwa tumeimaliza. Nilisoma mpaka mwisho, na kidole, jasho inanitoka. Yakobo hana salamu mwishoni. Nikafika ku nyeupe.

Wamama hawakuniomba kitu. Walikuwa tu wameinua nyuso kidogo, vile mutu anasikiliza kama mvua imeanza. Mama Nabintu pia. Nilijua wanangoja nini. Na nilijua kama ningefungua kinywa ningesikia sauti ya Furaha inatoka, na watu wangesema: anafanya sawa Furaha.

Nikafunga kitabu.

"Basi?" Mama Nabintu akauliza.

"Basi. Imeishia pale."

Akachukua kitunga chake. "Aksanti, mwalimu," akasema, akatoka.

Miaka mingi nilisoma namna ile. Katekista mupya alikuja, akafa, mwingine akakuja, vitabu vikawa vingi, wote wakanisifu: huyu mama haongezi, hapunguzi. Pale muzee anapowaambia Wakorinto kwamba mapendo haina wivu, nilipita mbio sawa mutu anayepita mbele ya mbwa. Furaha kule Minova akawa mwalimu wa primaire, tulikutana ku arusi na ku kilio, tukapikiana, tukabebeana watoto. Ile siku hatukuigusa. Aliniuliza tu mara moja, tukiwa tayari na mvi: "Bado unabeba?" Nikasema bado. Akasema: "Muzuri."

Binti yake aliniachia sauti ku telefone pamoja na colis: "Maman mudogo, tulikuta iyo karatasi mu kitabu yake ya sala. Tuliona ni maandiko ya mutoto. Alisema tukupatie weye."

Kumbe hakuichoma. Nikaifungua pale ku meza, mbele ya motard. Zambarau imekuwa sawa chai. Herufi zangu kubwa zinapanda mulima na kushuka. Nikageuza nyuma nione kama ameandika kitu: jibu, matusi, Mungu akusamehe, kitu chochote. Hakukuwa kitu. Chini ya mistari yangu tano, nyeupe tupu, nusu karatasi.

Motard alikuwa amekwisha kuvaa gants mikononi. Lakini yai imemuingia, na mutu aliyekula hawezi kutoka bila kujua amekula kwa ajili gani. "Koko," akasema, "kumbe ilikuwa barua kweli. Inasema nini?"

Nikavaa miwani. Nikamusomea. Paulo. Furaha iko nasema bongo. Iko nasoma fasi haiko maandiko. Nilisoma vizuri, sikuongeza, sikupunguza, mpaka mustari ya mwisho. Akacheka kidogo, akashika mulango. Na mimi nikafika ku nyeupe.

Halafu nikaweka kidole chini ya mustari ya mwisho na nikaendelea.

"Munisalimie dada yangu mudogo," nikasoma, "ule wa Cimpunda. Hajawahi kuangusha kitabu. Munisalimie magoti yake. Mumwambie niliona ulimi wake siku ile, mbele ya mama kuuona, na sikusema."

Motard akarudi, akainama juu ya bega langu, ndevu zake zikanigusa sikio. Akaangalia karatasi, akaniangalia.

"Koko," akasema polepole, "pale hapana maandiko."

"Ninajua. Vua casque, ukae. Salamu haijaisha."